Vidoa vya kijani na namba 64: uchambuzi wa kisa cha kompyuta mpakato ya mwalimu

Mashine ilifika kwangu Ngamiani, Tanga, ikiwa imeshapita kwa fundi mwingine na imeshabadilishwa kioo. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, aliyeinunua mtumba miaka kadhaa nyuma na kuitunza kuliko wengi wanavyotunza mpya. Aliiweka mezani, akaifungua, akanionyesha kwa kidole.

“Fundi, angalia hapa. Na hapa. Vinakuja, vinaondoka, vinarudi.”

Vilikuwa vidoa vidogo kama mbegu za mchicha, vimepangana katika mistari ya mshazari. Penye weupe vilionekana vya waridi. Penye weusi vilikuwa vya kijani kilichofifia. Hiyo ndiyo shida ya kwanza. Ya pili ilijitokeza aliposogeza kifuniko: picha nzima iligeuka, weupe wote ukawa samawati kana kwamba mtu amefyonza wekundu, kisha ikarudi kama kawaida.

Fundi wa kwanza alimwambia kioo kimekufa. Akalipa, kioo kikabadilishwa, vidoa vikabaki vile vile. Aliporudi akaambiwa kwamba basi ni chipu ya picha iliyokufa, mashine iachwe chipu hiyo ipigwe upepo wa moto ili ifufuke. Hapo mwalimu akaona bora atafute sikio la pili.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu vidoa vile havikuwa ugonjwa wa kioo wala wa chipu ya picha. Vilikuwa dalili ya kitu kilichokuwa kikiharibu kazi za mwalimu kimya kimya, na skrini ilikuwa mahali pekee ambapo uharibifu huo ulionekana kwa macho. Na mimi mwenyewe nilikosea mara moja kabla ya kukifikia. Kosa hilo nitalieleza pia, kwa sababu naamini mafundi wengi hulifanya.

Mashine yenyewe

Ni ya inchi 14, aina ya zile za maofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2012. Ilikuwa na vijiti viwili vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ya aina ya DDR3, kila kimoja GB 4. Kioo chake kina nukta 1366 kwa 768. Haina kadi ya picha ya pembeni. Anayechora picha ni HD 4000, sehemu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. HD 4000 haina kumbukumbu yake binafsi. Inaazima sehemu ya RAM ya mashine, ile ile inayotumiwa na Windows, Excel na kila programu iliyofunguliwa. Jambo hili dogo ndilo ufunguo wa kisa kizima.

Picha ina safari ndefu kabla haijafika kwenye jicho. Inaanzia kwenye RAM, ambako kila nukta ya skrini imeandikwa kama namba. Sehemu ya picha ndani ya prosesa inazisoma namba hizo mara 60 kwa sekunde. Katika mashine za kizazi hiki inazikabidhi kwa chipu jirani kwenye ubao mama, nayo inazisukuma kwenye kebo. Kebo inapenya kwenye bawaba, inapanda nyuma ya kioo, inakutana na bodi nyembamba inayozigawa namba kwa safu na mistari ya kioo. Taa ya nyuma ina njia yake nyingine, na ikiharibika dalili zake ni giza au kupepesa, si vidoa vya rangi.

Kazi ya fundi ni kuikata safari hii katikati, aone ugonjwa uko upande gani, kisha akate tena nusu iliyobaki. Kuanza kwa kununua kioo ni kukisia mwisho wa njia bila kuitembea.

Siku ya kwanza, na kosa langu

Kipimo ninachoanza nacho hakina gharama wala bisibisi: skrinishoti. Ukipiga skrinishoti, kompyuta inanakili namba zilizomo kwenye RAM. Haipigi picha ya kioo. Ukiipeleka skrinishoti hiyo kwenye mashine nyingine iliyo nzima na vidoa vikawamo, basi vilikuwepo kabla picha haijaondoka kwenye ubao mama. Kebo na kioo vinaachiwa huru papo hapo. Picha ya simu iliyopigwa mbele ya kioo haifanyi kazi hiyo, maana inabeba makosa ya njia yote. Na skrinishoti isitumwe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na nukta zinachanganywa na jirani zake. Itumwe kama dokumenti, au ihamishwe kwa flashi.

Nilisubiri vidoa vitokee, nikapiga, nikahamisha. Vilikuwamo. Nikasogeza kifuniko mpaka samawati ikaja, nikapiga tena. Kwenye skrinishoti hiyo rangi zilikuwa salama, lakini vidoa vilikuwepo.

Kwa dakika kumi za kazi tukawa tumejua kwamba hapa kuna magonjwa mawili yaliyokaa kwenye mgonjwa mmoja. Samawati iko baada ya RAM, na kwa kuwa inafuata mwendo wa kifuniko, ni kebo au kioo. Vidoa viko kabla. Kumbe kile kioo cha kwanza kiliondolewa kikiwa kizima. Nilimuuliza mwalimu ile hali ya kugeuka samawati ilianza lini. Akafikiri kidogo, akasema ilianza wiki ile ile aliyorudishiwa mashine na kioo kipya. Nikaiandika pembeni.

Kisha nikaingia BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, na kuiacha mashine kwenye ukurasa huo kwa zaidi ya nusu saa. Sababu ya kipimo hiki inafahamika: ndani ya BIOS hakuna Windows wala draiva yake (programu inayoiongoza sehemu ya picha), kwa hiyo vidoa vikitokea humo ni vya vifaa, visipotokea unaanza kuitazama draiva. Havikutokea hata kimoja. Nikahitimisha kwamba ni draiva. Nikaiondoa, nikaweka nyingine safi, nikaijaribu mashine asubuhi kwa saa moja pale kibandani penye upepo, ikatulia. Nikamkabidhi.

Siku ya tatu akarudi.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Vimerudi.”

Safari hii alikuja na maelezo ambayo mimi nilipaswa kuyauliza tangu mwanzo. Vidoa havitokei asubuhi anapowasha. Vinakuja mchana, mashine ikiwa imefanya kazi kama saa nzima na chini pamekuwa pa moto. Na anapoiunganisha na projekta ya shule, wanafunzi nao wanaviona ukutani.

Kosa langu lilikuwa kuamini ukimya wa BIOS. Ukurasa wa BIOS unatumia kipande kidogo sana cha RAM, tena karibu kila mara ni kipande kile kile. Kama ubovu uko mahali pengine kwenye RAM, unaweza kukaa kwenye BIOS mpaka kesho na usione kitu. Zaidi ya hapo mashine ikiwa kwenye BIOS haifanyi kazi yoyote ya maana upande wa RAM, na mimi nilikuwa naipima ikiwa baridi, asubuhi. BIOS yenye vidoa ni ushahidi mzito. BIOS safi haisemi mengi, na nilikuwa nimeichukulia kama hati ya afya.

Kuhusu kupiga moto

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu ule ushauri wa kupiga moto chipu ya picha, kwa sababu haukutoka hewani. Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza sumu kwenye vifaa vya umeme ilianza kutumika, na viwanda duniani vikahama kutoka lehemu yenye risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, kwenda lehemu isiyo na risasi, ambayo aina yake ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi kidogo. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za picha za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa malighafi za ndani ya kifurushi cha chipu. Mafundi wa kipindi kile waliona mashine nyingi zenye mistari na miraba ya rangi, na waligundua kwamba ukiipasha chipu moto mkali huwa inafufuka, mara wiki mbili, mara miezi miwili. Wengi tulifundishwa kazi na mafundi hao. Ndiyo maana hadi leo neno “vidoa” likitajwa, mkono unaenda kwenye mashine ya upepo wa moto.

Lakini kwenye mashine ya mwalimu hakuna chipu ya picha iliyochomelewa kwenye bodi. Iko ndani ya prosesa, na prosesa ya mashine hii imekaa kwenye soketi, unaitoa kwa kulegeza skrubu moja. Chipu pekee ambayo moto ungeweza kuangukia ni ile jirani inayosukuma picha kwenye kebo, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mashine ingeweza kutoka pale imekufa kabisa, na mwalimu angeambiwa ilikuwa imefika mwisho.

Namba ilipoanza kujirudia

Mara ya pili nilianza na flashi ya Linux. Nikawasha mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikafungua video na kurasa nyingi, nikaiacha ichemke. Baada ya dakika kama 40 vidoa vikaanza. Mfumo mwingine kabisa, draiva nyingine kabisa, vidoa vile vile. Draiva nayo ikaachiwa huru.

Zikabaki sehemu mbili: prosesa na RAM. Hapa ndipo nilipoketi na ile skrinishoti nikaifungua kwenye programu ya kuhariri picha, nikaikuza hadi kila nukta ikawa mraba mkubwa kama tofali. Programu za namna hii zinakuonyesha kila nukta imeundwa kwa kiasi gani cha nyekundu, kijani na buluu, kwa kipimo cha 0 hadi 255.

Nukta nyeupe iliyo salama ni 255, 255, 255. Kidoa cha kwanza nilichokigusa kilikuwa 255, 191, 255. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Nikahamia penye weusi, ambako kila kitu kinapaswa kuwa sifuri tupu. Vidoa vilikuwa 0, 64, 0.

Toa 191 kwenye 255. Ni 64.

Nyekundu ilikuwa salama popote, buluu ilikuwa salama popote. Ni kijani peke yake kilichopungua 64 au kuongezeka 64. Ndiyo maana jicho liliona waridi penye weupe, kwa sababu ukipunguza kijani kwenye weupe kinachobaki kinaegemea waridi. Rangi mbili tulizoziona zilikuwa kosa moja.

Nikaanza kuandika kwenye karatasi kila kidoa kipo safu wima ya ngapi. Niliandika vidoa 40. Safu zote zilikuwa za namba shufwa. Hakuna hata kimoja kilichoangukia safu ya namba witiri.

Kwa msomaji asiyeshughulika na vitu hivi, naeleza kwa nini hapo niliinuka kutoka kwenye kiti. Kijiti cha RAM cha aina hii kina chipu nane, na kila moja inatoa biti 8 kwa mpigo (biti ni tarakimu moja, 0 au 1). Jumla ni biti 64 kwa mpigo mmoja. Nukta moja ya skrini inachukua biti 32: nane za buluu, nane za kijani, nane za nyekundu, na nane zisizotumika. Kwa hiyo kila mpigo unabeba nukta mbili, moja ya safu shufwa na moja ya safu witiri, na kila chipu kati ya zile nane imepewa rangi moja ya nukta moja kati ya hizo mbili. Ikiugua chipu moja tu, ni lazima kosa liwe kwenye rangi moja tu, na liruke safu moja moja. Sehemu ya picha ndani ya prosesa inapokufa huwa inachana picha, inatoa miraba, inaganda. Haina sababu ya kuchagua kijani cha nukta shufwa na kuacha vingine vyote.

Nilimpigia mwalimu simu, nikamuuliza kama kuna jambo jingine lolote la ajabu ameliona kwenye mashine, hata kama halihusu kioo. Akasema mashine imejizima na kujiwasha mara mbili mwezi ule, na kuna faili la Excel lililokataa kufunguka. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kidogo:

“Na siku hizi nakosea sana kuandika. Nadhani ni macho.”

Nilimwomba anionyeshe makosa yenyewe. Akaja na daftari alikoyaorodhesha, na faili lake kwenye flashi. Katika kichwa cha orodha moja, neno lilisomeka “Jiogr!fia”. Herufi a imegeuka alama ya mshangao.

Kwenye kibodi, a iko mkono wa kushoto kwenye mstari wa kati, na alama ya mshangao inataka ushike kitufe cha kubadili herufi na kubonyeza 1. Kidole hakitelezi kutoka hapa hadi pale. Lakini ndani ya kompyuta kila herufi ni namba. Herufi a ni 97. Alama ya mshangao ni 33.

Toa 33 kwenye 97. Ni 64.

Nilimwambia macho yake hayana kosa hapa. Alikaa kimya, akanitazama, akauliza: “Kwa hiyo inabadilisha maandishi yangu?” Nikamjibu ndiyo, inabadilisha, na hatujui imebadilisha mangapi.

Uthibitisho

Dhana nzuri bado ni dhana. Niliweka Memtest86+ kwenye flashi, programu inayowashwa yenyewe bila Windows na kuijaza RAM namba inazozijua, kisha kuzisoma tena na kulinganisha. Mzunguko wa kwanza ulipita bila kosa. Ningekuwa na haraka ningeishia hapo. Nikauacha uendelee, mchana, chaja ikiwa imechomekwa. Kwenye mzunguko wa pili, mashine ikiwa imepata moto, makosa yakaanza kumiminika, na yote yalikuwa kwenye biti moja: biti ya 14, ukihesabu kuanzia 0.

Biti nane ni baiti moja. Biti za 8 hadi 15 ndizo baiti ya pili, na kwenye nukta ya skrini baiti ya pili ni kijani. Ndani ya baiti hiyo, biti ya 14 ina uzito wa 64, yaani ikigeuka namba inapanda au kushuka kwa 64. Ile namba iliyokuwa kwenye kidoa na kwenye neno la Jiografia sasa ilikuwa imeandikwa na programu isiyojua lolote kuhusu rangi wala herufi.

Kwa nini joto? Kila biti kwenye RAM ni chaji ndogo sana ya umeme inayovuja. Kwa kawaida RAM ya DDR3 inahuishwa yote kila baada ya milisekunde 64, kabla chaji haijavuja kiasi cha kusahaulika, na joto la chipu likizidi nyuzi 85 muda huo unapaswa kupunguzwa nusu. Sehemu iliyochoka inavuja haraka kuliko wenzake. Asubuhi inawahi kuhuishwa. Mchana haiwahi. Nimeshakutana na mashine kadhaa za namna hii hapa Tanga miezi ya joto, zinapona Juni na kuugua Januari, na watu wanasema ni umeme.

Bado sikukimbilia kulaumu kijiti. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na meno ya RAM yakipata ukungu wa kutu makosa yake yanafanana sana na haya. Nikatoa vijiti vyote viwili, nikapiga raba kwenye meno yake, nikafuta kwa spiriti, nikapuliza sloti, nikarudisha. Makosa yakaendelea. Ndipo nikapima kijiti kimoja kimoja katika kila sloti: cha kwanza kwenye sloti ya kwanza, kisha ya pili, cha pili kwenye sloti ya kwanza, kisha ya pili. Kazi hii ilikula siku mbili kwa sababu kila kipimo nilikiacha hadi mashine ichemke. Kijiti cha kwanza kilipita kote. Cha pili kilishindwa kote, biti ile ile. Sloti zote mbili nzima, prosesa nzima, kijiti kimoja kibovu.

Nilimtafutia kijiti kingine cha GB 4 cha mtumba. Ukitafuta, soma lebo: PC3 ni ya volti 1.5, PC3L ni ya 1.35, na PC3L inakubali kufanya kazi kwenye volti 1.5 pia, lakini mashine inayodai 1.35 pekee haitakubali PC3. Na mtumba haupokelewi bila kupimwa. Kile cha kwanza nilichopewa dukani nacho kilitoa makosa baada ya saa tatu, nikakirudisha. Cha pili kililala kwenye Memtest86+ usiku kucha na mchana uliofuata, kikatoka safi.

Samawati

Ugonjwa wa pili ulikuwa mwepesi. Kioo cha mashine hii kinapokea picha kwa jozi nne za nyaya nyembamba, tatu za data na moja ya mapigo ya saa. Jozi ya kwanza ya data inabeba biti zote sita za nyekundu pamoja na biti moja ndogo ya kijani. Ikikatika jozi hiyo, wekundu unatoweka skrini nzima kwa wakati mmoja, na weupe bila wekundu ni samawati. Nilifungua fremu ya kioo nikaikuta kebo imebanwa chini ya bawaba ya kushoto, ganda limechubuka, waya mmoja unashika na kuachia kadiri kifuniko kinavyosogea. Kebo ilitolewa kwenye mfereji wake wakati kioo kinabadilishwa na haikurudishwa mahali pake. Ugonjwa wa pili, yaani, ulizaliwa na tiba isiyo sahihi ya ule wa kwanza.

Sikuunga wala kuifunga kwa utepe. Nyaya za jozi hizi zinapaswa kwenda pamoja kwa urefu ule ule, na kiungo kwenye bawaba hakidumu. Niliweka kebo nyingine yenye namba ile ile ya kipuri, nikailaza kwenye mfereji, nikafungua na kufunga kifuniko mara nyingi huku nikitazama ukurasa mweupe. Imetulia.

Fundi wa kwanza simhukumu kwa kukosea, kwa sababu nami nilikosea kwa njia yangu. Ninachosikitikia ni kwamba mwalimu alilipia kioo ambacho skrinishoti moja ingekiokoa, na kwamba hakuna aliyemuuliza kuhusu maandishi yake. Tunaletewa mashine kwa jina la ugonjwa ambao mteja ameuona, nasi tunaangalia pale pale alipoonyesha kidole.

Alama za wanafunzi

Mashine ilikuwa nzima, lakini kazi haikuwa imeisha. Kwa miezi isiyojulikana, kila alichokiandika mwalimu kilikuwa kimepita kwenye kijiti kile kabla ya kuhifadhiwa kwenye diski. Kubadilisha RAM hakurekebishi kilichokwisha andikwa vibaya.

Lile faili la Excel lililokataa kufunguka lilikuwa, kwa namna fulani, lenye bahati. Mafaili ya Excel ya siku hizi ni furushi lililobanwa, na ndani yake kuna hesabu ya ukaguzi. Biti ikigeuka baada ya kubanwa, hesabu inakataa na unapata onyo. Biti ikigeuka kabla ya kubanwa, faili linafungwa vizuri, linafunguka vizuri, na kosa limo ndani halina alama yoyote. Alama za muhula za mwalimu zilikuwa kwenye faili la maandishi matupu, yametenganishwa kwa mikato, kama shule ilivyotaka. Faili la namna hiyo halina ukaguzi hata kidogo.

Nilimwomba alete karatasi za mitihani alizosahihisha kwa mkono. Akaja Jumamosi na fungu zima limefungwa kwa kamba ya katani. Mimi nikawa nasoma kwenye skrini, yeye anasoma kwenye karatasi, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Majina mawili yalikuwa na alama ya mshangao mahali pa herufi a. Tukasahihisha, tukaendelea.

Kidato cha Pili, karibu na mwisho wa orodha, nilisoma kwa sauti nikasita. Mahali pa alama za Jiografia palikuwa pameandikwa “w8”.

“Huyo ana 78,” akasema mwalimu bila kuangalia karatasi. Kisha akaangalia. Ilikuwa 78.

Tarakimu 7 ndani ya kompyuta ni 55. Herufi w ni 119. Tofauti ni 64. Na kwa sababu “w8” si namba, Excel ilipojumlisha ililiruka, na mtoto yule alikuwa amepewa jumla iliyopungua alama 78, nafasi ya chini kabisa ya darasa, kwenye ripoti iliyokuwa inasubiri kuchapwa Jumatatu.

Mwalimu aliifuta w, akaandika 7, akahifadhi. Akanywa maji, akasema tuanze Kidato cha Tatu.